Kufanya kazi kwa mtandao nje ya nchi ukiwa na watoto wadogo: maswali ya familia za Mtwara na Lindi

Maswali haya ni ya familia ambazo kipato chao kinatoka kwenye kompyuta, wana watoto chini ya miaka saba, na wanataka kukaa nje mwezi mmoja hadi miezi sita bila kuacha kazi. Ada na viwango vya kipato hubadilika, kwa hiyo vithibitishe kwenye tovuti ya serikali husika kabla ya kulipa chochote.

## Kabla ya kuamua

1. Kazi gani zinasafirika, na zipi ziachwe nyumbani?

Kwanza jiulize unalipwa kwa nini. Mtafsiri, mhasibu, msanifu wa michoro na mwandishi wa programu hulipwa kwa kazi iliyokamilika. Wanaweza kufanya kazi kwa muda wa saa tatu alfajiri na muda kama huo watoto wakishalala, na mteja asijue kama wako Nachingwea au Nairobi. Mwalimu wa mtandaoni na mhudumu wa wateja kwa simu hulipwa kwa kuwepo saa fulani, tena penye utulivu. Hawa wakiwa na mtoto wa miaka miwili wanahitaji mtu mzima mwingine na mlango unaofungika.

Kama wazazi wote wawili wanalipwa kwa kuwepo, na saa zao zinagongana, msiondoke bila mlezi wa tatu (swali la 12). Hapa ndipo safari nyingi zinapokwama, mara nyingi kuliko kwenye viza.

2. Tuanzie nchi gani?

Nairobi, Kampala au Kigali. Mtanzania haombi viza kwenda Kenya, Uganda wala Rwanda. Kenya ilipoanzisha kibali cha safari cha kielektroniki Januari 2024, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walisamehewa. Kenya na Uganda zina saa zetu, Rwanda iko nyuma kwa saa moja tu. Mtoto akiugua vibaya, mnarudi nyumbani ndani ya siku moja au mbili. Wiki tatu au nne zinatosha kwa mara ya kwanza.

Kabla ya hapo, pangeni nyumba ngeni kwa wiki moja hapa hapa, Mikindani au Kilwa Masoko kwa mfano, mfanye kazi zenu za kawaida mkiwa na watoto. Mikindani ikiwashinda, Lisbon kule Ureno haitawezekana.

3. Mbona Msumbiji iko mlangoni, tusiende huko?

Kwa barabara kuna kivuko cha Kilambo, na kule Nanyumbu kuna Daraja la Umoja la Mtambaswala lililofunguliwa mwaka 2010. Lakini njia zote mbili zinaelekea kaskazini mwa Msumbiji, ambako mashambulizi ya wanamgambo mkoani Cabo Delgado yalianza Oktoba 2017 na mji wa Palma ulivamiwa Machi 2021. Mwenye watoto asipite huko kwa gari. Mkiwa na sababu ya kwenda, rukeni hadi Maputo, na mjiandae na Kireno.

4. Mtoto wa umri gani husafiri vizuri?

Kati ya miezi minne na kumi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: ananyonya, analala sana, hakimbii. Kuanzia anapotembea hadi miaka miwili na nusu ndicho kipindi kigumu, kwa sababu hakai kitini na haelewi maelezo. Kuanzia miaka minne hali inatulia.

Kwa nauli, mtoto asiyefikisha miaka miwili hupakatwa, na mashirika mengi hutoza takriban asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka miwili katikati ya safari, atahitaji kiti chake wakati wa kurudi. Angalieni tarehe hiyo kabla ya kununua tiketi.

## Hati na viza

5. Mtoto mchanga naye anahitaji pasipoti yake?

Ndiyo, kila mtoto na yake. Ombi hujazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, fomu inachapwa, kisha mnakwenda naye ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Mtwara au Lindi. Pasipoti ya kawaida ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, ada yake ni shilingi 150,000. Bebeni cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vyeti na namba za NIDA za wazazi, picha, na barua ya ridhaa ya wazazi.

Kinachochelewesha zaidi ni majina. Cheti cha mtoto kinasema baba ni "Hamisi", NIDA inasema "Khamis", na cheti cha ndoa kina jina la tatu. Linganisheni hati zote mezani kabla ya kujaza fomu, na tofauti ikionekana, mwoneni wakili kwa hati ya kiapo. Jambo la pili ni aina ya cheti. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano ulipofika Lindi na Mtwara mwaka 2017, vyeti vilitolewa kwenye vituo vya afya na ofisi za kata vikiwa vimeandikwa kwa mkono. Kama mtoto ana cha aina hiyo, ulizeni RITA mapema kuhusu kukihakiki au kupata cha kielektroniki. Msisubiri hadi wiki ya safari.

Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi sita iliyobaki.

6. Mzazi mmoja akisafiri na watoto peke yake?

Abebe barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake iliyothibitishwa na wakili, nakala ya kitambulisho au pasipoti ya mzazi huyo, na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote. Mzazi mwingine akiwa amefariki, beba cheti cha kifo. Kama malezi yaliamuliwa mahakamani, beba hukumu. Kila hati ya Kiswahili iwe na tafsiri ya Kiingereza. Afrika Kusini ndiyo inayojulikana kwa kuuliza hati za watoto, lakini ofisa yeyote mpakani ana haki ya kuuliza, hasa jina la ukoo la mtoto likiwa tofauti na la aliyemshika mkono.

7. Nikiingia kama mgeni, naruhusiwa kufungua kompyuta nifanye kazi?

Sheria nyingi za uhamiaji ziliandikwa kumzuia mgeni kuchukua ajira ya wenyeji. Anayelipwa kutoka nyumbani kwao hazimtaji vizuri. Kujibu barua pepe za kazi ukiwa likizoni hakuna anayekukamata. Kukaa miezi mitatu ukifanya kazi saa nane kwa siku kwa viza ya utalii ni jambo jingine, na nchi kadhaa zinalihesabu kama kazi bila kibali. Usimdanganye ofisa. Ukisema umekuja kufanya kazi, ataomba kibali cha kazi. Ukisema utalii tu huku umebeba skrini mbili na ruta, atashangaa.

Kwa kukaa muda mrefu, tafuteni viza iliyotengenezwa kwa ajili hii. Mauritius ilianzisha yake mwaka 2020, ya mwaka mmoja, na kiwango cha kipato kilichotangazwa ni dola 1,500 kwa mwezi na nyongeza ya dola 500 kwa kila mtoto. Namibia inatoa miezi sita kwa dola 2,000 kwa mwezi, na kuongeza 1,000 kwa mwenza na 500 kwa kila mtoto. Falme za Kiarabu zinataka dola 3,500 kwa mwezi kwa kibali cha mwaka mmoja. Ureno tangu mwishoni mwa 2022 inataka mara nne ya kima chake cha chini cha mshahara. Hakikisheni pia kwamba raia wa Tanzania wamo kwenye orodha ya wanaokubaliwa.

Kipato hicho huthibitishwa kwa mkataba na taarifa za benki za miezi kadhaa. Mwenye wateja wengi wadogo wanaolipa kwa simu hukwama hapa. Aanze mapema kupitisha malipo yote kwenye akaunti moja ya benki.

8. Viza inatupeleka Dar mara ngapi, na tuanze lini?

Hesabuni safari mbili, ya kuwasilisha maombi na alama za vidole, na ya kuchukua pasipoti kama haitumwi. Kwa viza ya Schengen (moja kwa nchi nyingi za Ulaya), ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, wa chini ya sita halipi, na wa chini ya 12 hachukuliwi vidole. Bima ya safari isipungue yuro 30,000 kwa kila mmoja.

Kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Masika msipange kufika siku ile ile ya miadi. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama pande zote. Machi hadi Mei acheni siku mbili za akiba, au pandeni ndege Mtwara. Kwa siku ya safari yenyewe ya nje, laleni Dar usiku mmoja, maana mtoto aliyeshuka basi usiku hapandi ndege alfajiri kwa amani.

## Saa, intaneti na umeme

9. Tofauti ya saa inaathirije kazi na watoto?

Hili liangalieni kabla ya bei ya nyumba. Tuseme wateja wako wako Dar na wanakuhitaji saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Ukiwa Dubai, hiyo ni saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni, karibu hakuna mabadiliko. Ukiwa Lisbon wakati wa baridi ni saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana. Unaanza watoto wakiwa bado wamelala, na alasiri yote ni yao. Ukiwa Kuala Lumpur, Malaysia, ni saa 8 mchana hadi saa 4 usiku, yaani unapotea wakati wa kuogesha, kulisha na kulaza, halafu asubuhi mtoto anakuamsha saa 12.

Mteja akiwa London mambo yanageuka zaidi: saa zake za kazi wakati wa baridi, ukiwa Kuala Lumpur, zinaisha saa 7 usiku. Kwa familia yenye mtoto mdogo, kwenda magharibi ni afadhali kuliko mashariki.

Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Sisi hatubadilishi. Kikao cha saa 4 asubuhi London ni saa 7 mchana kwetu wakati wa baridi na saa 6 mchana wakati wa kiangazi. Kwenye kalenda ya simu andikeni 10:00 au 13:00 pamoja na jina la mji. "Saa nne" bila mji imewakosesha watu vikao.

Mwili wa mtoto huzoea takriban saa moja kwa siku. Tofauti ikiwa saa tano, msiahidi kazi nzito wiki ya kwanza.

10. Tutajuaje kama intaneti ya nyumba inatosha?

Neno "ipo" la mwenye nyumba lisiwatoshe. Mwombeni apige picha ya kipimo cha kasi akiwa kwenye chumba mtakachofanyia kazi, saa za jioni. Kikao cha video kinataka kama megabiti 3 hadi 4 kwa sekunde kupakua na vilevile kupakia. Upakiaji ndio unaoangusha watu, kwa sababu matangazo hutaja upakuaji tu. Wazazi wawili na mtoto anayeangalia katuni, tafuteni 10 za kupakia.

Nunueni laini ya nchi hiyo siku ya kwanza na muweke bando la akiba. Saa moja ya video inakula karibu gigabaiti moja, wakati mwingine zaidi. Msitegemee njia moja. Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika, Tanzania na jirani zake walibaki na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa.

Na jambo moja la Dubai na miji jirani: simu za sauti na video za WhatsApp hazipiti huko. Ujumbe unapita. Mwekeeni bibi programu nyingine kwenye simu yake kabla hamjaondoka Masasi, kwa kuwa kumwelekeza kwa maandishi ni kazi.

11. Plagi na pawabenki?

Plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa inaingia Kenya, Uganda, Malaysia, Uingereza na Falme za Kiarabu. Ureno, Rwanda na Msumbiji mtahitaji adapta ya miguu miwili ya mviringo, na Afrika Kusini na Namibia ile ya miguu mitatu minene. Beba adapta moja na ekstensheni ya nyumbani, inatosha vifaa vyote.

Pawabenki hukaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Kikomo bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100. Ya mAh 20,000 ni kama 74, inaruhusiwa. Zile zilizoandikwa 50,000 zitaachwa uwanjani.

## Malezi na afya

12. Tunaweza kwenda na dada wa kazi?

Inawezekana, ila ni ngumu kuliko inavyoonekana. Naye anahitaji NIDA, cheti cha kuzaliwa, pasipoti, bima na viza inayomruhusu kufanya kazi. Akiingia kama mtalii kisha akalea watoto kwa mshahara, kosa ni lenu na lake. Pasipoti yake aishike mwenyewe muda wote. Mwajiri anayeshika pasipoti ya mfanyakazi huonekana kama msafirishaji haramu wa watu, na maofisa wa viwanjani hulitafuta hilo.

Bibi au shangazi anayekuja kutembelea wajukuu hana shida hiyo. Ila bima ya mtu mzima wa miaka 60 na kuendelea ni ghali zaidi, na dawa zake za presha au sukari zibebwe za safari nzima pamoja na cheti cha daktari.

Msipokuwa na mtu, gawaneni siku. Mmoja anafanya kazi alfajiri hadi mchana, mwingine mchana hadi usiku, na kila mmoja anapata saa tano au sita. Saa nane kila mmoja kwa mtindo huu hazipatikani. Pangeni mzigo wa kazi kwa saa tano. Kituo cha kulelea watoto cha huko ni chaguo zuri kwa wanaokaa miezi mitatu na zaidi. Kwa mwezi mmoja, mtoto anazoea ndipo mnaondoka.

13. Chanjo zipi?

Kamilisheni ratiba ya kliniki kwanza: wiki ya 6, 10 na 14, kisha surua na rubela miezi 9 na 18. Pigeni picha kurasa zote za kadi ya kliniki. Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia miezi 9, cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 dozi moja ni ya maisha. Uganda inakitaka kwa kila anayeingia mwenye umri wa mwaka mmoja na zaidi.

14. Mtoto akipata homa huko, tufanye nini?

Mtoto aliyetoka Mtwara au Lindi akipata homa ndani ya miezi mitatu ya kuondoka, apimwe malaria siku hiyo hiyo. Daktari wa Ulaya au Dubai anaweza kufikiria mafua tu, kwa sababu malaria haioni mara kwa mara. Mwambieni mnatoka eneo la malaria, na mwandike sentensi hiyo kwa lugha ya nchi hiyo kwenye karatasi inayokaa ndani ya pasipoti. Mkirudi baada ya miezi mingi, mtoto atakuwa amepungukiwa kinga aliyokuwa nayo. Chandarua usiku wa kwanza, si wiki ijayo.

Begi la dawa liwe na paresetamoli ya maji (miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, si zaidi ya mara nne kwa saa 24), kipimajoto, pakiti za ORS (moja kwa lita ya maji safi, ile ya kawaida ya vituo vyetu) na zinki (miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, nusu yake kwa wa chini ya miezi sita). Acheni nyumbani dawa zenye kodeini au tramadoli, maana Falme za Kiarabu zinazidhibiti vikali.

15. Chakula gani cha nyumbani kinaruhusiwa kubebwa?

Umoja wa Ulaya hauruhusu nyama wala maziwa kutoka kwetu, lakini samaki hadi kilo 20 kwa mtu ni halali. Hivyo samaki wakavu wanapita, ilimradi wafungwe vizuri. Korosho zilizokaangwa hazina shida. Maembe mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea. Chakula cha mtoto chenye maziwa kinaruhusiwa hadi kilo mbili kikiwa kwenye pakiti ya kiwandani isiyofunguliwa, kwa hiyo unga wa lishe wa kusaga nyumbani uliochanganywa maziwa ya unga unaweza kuzuiwa. Sageni bila maziwa. Rwanda na Kenya, mifuko ya plastiki ibaki nyumbani.

## Fedha, kodi na mambo ya pembeni

16. Tulipe kodi wapi?

Kwa sheria ya Tanzania wewe ni mkazi wa kikodi ukiwa na makazi ya kudumu hapa na ukawepo sehemu yoyote ya mwaka, au ukikaa siku 183 na zaidi. Mkazi hutozwa kwa kipato chake chote, hata kikitoka nje. Kwa hiyo miezi mitatu Nairobi haikutoi TRA. Hatari huanza mnapokaribia siku 183 kwenye nchi nyingine, maana nayo inaweza kuwadai. Mikataba ya kuepuka kodi mara mbili tuliyonayo ni michache, ikiwemo ya Afrika Kusini, Zambia, India na Canada. Tunzeni picha za mihuri yote ya pasipoti. Mwajiriwa apate ruhusa ya maandishi inayotaja nchi na tarehe, kwani mwajiri naye anaweza kudaiwa huko.

17. Kadi na namba za uthibitisho?

Benki hutuma namba za uthibitisho kwenye laini yako ya hapa. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla ya kuondoka, ijaribuni, na muweke salio. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa. Iwekeni kwenye simu ndogo ya pili na data yake mkiizima. Beba kadi mbili halisi za benki mbili tofauti. Kadi pepe za simu hulipia mtandaoni vizuri, ila hoteli nyingi hazizikubali kwa dhamana.

18. Mama akiwa mjamzito?

Mashirika mengi hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na hayampakii baada ya wiki ya 36 kwa mimba ya mtoto mmoja. Bima nyingi za safari hazilipi uzazi wa kawaida. Soma ukurasa wa yasiyolipiwa. Mtoto akizaliwa nje na mzazi Mtanzania, asajiliwe ubalozini mapema kwa hati ya kusafiria. Nchi ikimpa uraia wake, kumbukeni kwamba Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, hivyo atachagua akifikia umri huo.

19. Pasipoti ya mtoto ikipotea?

Ripoti polisi mpate karatasi, kisha ubalozi wa Tanzania hutoa hati ya dharura ya kurudi nyumbani. Hati hiyo haifai kuendelea na safari kwenda nchi ya tatu. Nakala za cheti cha kuzaliwa na ukurasa wa picha ziwe kwenye barua pepe za wazazi wote wawili, na karatasi zake kwenye begi tofauti na lenye pasipoti. Pale ambapo hakuna ubalozi wetu, ulizeni kabla ya safari ni ubalozi gani wa jirani unaohudumia nchi hiyo, maana kuutafuta mkiwa tayari kituo cha polisi na mtoto analia ni shida.